Kukataa kulala kwa dada: uchambuzi wa kisa cha mwaliko wa likizo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya wahusika. Umri, kazi na mahali vimeondolewa au kubadilishwa; mfuatano wa mambo umebaki ulivyokuwa. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika ushauri wa familia: mtu ana sababu nzuri ya kutolala kwa ndugu yake, anaificha nyuma ya sababu dhaifu, na ugomvi unapozuka unakuwa juu ya ile dhaifu. Sababu nzuri haipati hata nafasi ya kusikika.

Wahusika

Mwenyeji ni dada mkubwa, mzaliwa wa kwanza. Baba yao alipofariki ndiye aliyemsomesha mdogo wake, na tangu hapo nyumba yake imekuwa mahali familia inapokutania. Anaishi na mume wake, mvutaji wa sigara wa miaka mingi ambaye huvutia sebuleni. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja ni chao. Cha pili kina ukuta unaopitisha maji, umeota fangasi weusi, na kimegeuzwa stoo. Wageni hulala sebuleni.

Mwalikwa ni mdogo wake wa kiume, pamoja na mke na watoto wawili. Mtoto mkubwa ana pumu. Wa pili, wakati wa mwaliko huu, alikuwa mchanga wa miezi michache. Mama wa ndugu hawa wawili yuko hai na wote wanamsikiliza.

Ni lazima niseme mapema kwamba dada huyu si mkorofi wala mchafu. Nyumba yake ni ndogo na kipato chake hakiruhusu ukarabati mkubwa. Kwa hiyo neno lolote kuhusu nyumba hiyo linamgusa mahali asipo na uwezo wa kupabadilisha kwa haraka. Anayesoma kisa hiki akimwona mwenyeji kama mtu mbaya atakosa karibu kila kitu kilichomo.

Ziara ya mwaka uliotangulia

Familia ilikaa kwa dada juma zima. Godoro lilitandikwa sebuleni, runinga ikiwaka hadi usiku wa manane kwa sababu ndiyo sebule ya nyumba na wenyeji hawana pengine pa kukaa. Shemeji alivuta sigara dirishani, akiamini moshi unatoka. Mtoto mwenye pumu alianza kukohoa usiku wa kwanza. Usiku wa tatu kifua kilibana, dawa ya kuvuta haikutosha, baba yake akambeba hadi zahanati kabla ya alfajiri.

Asubuhi dada aliuliza mtoto ana nini. Akajibiwa: "Mafua tu, dada, yatapita."

Siku zilizosalia wakazimaliza kwa kuvumilia. Mke alikuwa akioga na kubadilisha nguo kwa kuviziana na watu, maana sebule haina mlango wa kufunga. Wifi yake alimwambia mara kadhaa, mbele za watu, kwamba mtoto anadekezwa, watoto wa zamani walikohoa na wakakua. Njiani kurudi nyumbani mke na mume walikubaliana hawatalala tena pale. Dada hakuambiwa. Alichobaki nacho yeye ni kumbukumbu ya likizo nzuri iliyoharibiwa kidogo na mafua.

Mwaliko na visingizio

Miezi miwili kabla ya likizo dada alipiga simu. Simu ilikuwa kwenye spika na watoto walisikia. "Mwaka huu pia mnakuja kwangu, na nataka nimpakate huyo mchanga." Mtoto mkubwa akaruka kwa furaha. Mdogo mtu akajibu, "Tutaangalia, dada."

Dada akahesabu hilo kuwa ndiyo. Kwa haki kabisa, naona mimi. Mtu anayekupenda akisikia jibu lisilo na hapana ndani yake, ataanza maandalizi.

Wiki iliyofuata mdogo mtu alisema nauli imekuwa shida. Baada ya siku mbili dada alituma ujumbe kwamba ameongea na mume wake, nauli watachangia. Hapo mdogo mtu akasema huenda kazini wasimpe ruhusa. Dada akajibu kwamba basi mke na watoto watangulie, yeye atawafuata akipata nafasi. Wakati huohuo alinunua godoro la pili kwa ajili yao, akamwambia mama, na mama akawaambia wengine.

Tazama kilichotokea hapo. Kila kisingizio kilikuwa tatizo lenye ufumbuzi, na dada, kwa upendo wake wote, alikuwa anatafuta ufumbuzi. Kadiri alivyotatua ndivyo alivyozidi kuwekeza hela na moyo katika safari ambayo upande wa pili ulikuwa umeshaizika mwaka mmoja kabla.

Lawama inahamia kwa mke

Mama alipiga simu kumuuliza mwanawe kwa nini anamzungusha dada yake. Akiwa amebanwa, mwana akasema, "Mama, mimi sina neno. Ni mke wangu hajisikii vizuri kule."

Sentensi hiyo ilimfikia dada siku hiyohiyo. Kufikia jioni alikuwa amemtumia mke ujumbe mfupi: "Wifi, kama nyumba yangu haikufai ungeniambia mwenyewe." Mke, aliyekuwa ananyonyesha na hajui kilichosemwa, aliusoma mara mbili kisha akampa mumewe simu bila kusema kitu. Walilala hawasemezani. Likizo ilikuwa imebakiza wiki tatu hivi walipokuja kwangu.

Uamuzi na sababu zake

Kila mmoja aliandika peke yake, bila kumwonyesha mwenzake, mambo yanayomsumbua katika nyumba ile. Orodha zilipokutanishwa zilikuwa na mambo ya namna tatu, na kuyatenganisha ndiko kulikotupa mwanga.

Kwanza, yanayodhuru: moshi, ukuta wenye unyevu na fangasi, na mahali pa kumlaza mtoto mchanga. Pili, yanayochosha: runinga, kelele, kukosa usingizi. Tatu, yanayogusa heshima: kukosa faragha, na maneno ya wifi kuhusu malezi.

Kabla ya mazungumzo hayo mume alikuwa akiyaona yote kama kitu kimoja anachokiita "kutojisikia vizuri", na ndiyo maana aliona aibu kuyasema. Alijiona mtu anayemdharau dada aliyemsomesha kwa sababu ya godoro. Aliposoma kundi la kwanza peke yake aliona kwamba hapo hakuna dharau.

Nililiunga mkono kundi hilo kwa yale yanayojulikana kitabibu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha kuvuta moshi wa sigara ya mwingine. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilieleza wazi kuwa kufungua madirisha, kutenga chumba cha wavutaji au kusafisha hewa hakuwezi kumwondolea mtu athari ndani ya nyumba moja na mvutaji. Masalia ya moshi hung'ang'ania mapazia, makochi na magodoro muda mrefu baada ya sigara kuzimwa. Mwaka 2009 Shirika hilohilo la Afya lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na fangasi majumbani, likiuhusisha na kukohoa, kukoroma kwa kifua na kuzidi kwa pumu. Na kwa mtoto wa miezi michache, kulala na watu wazima kwenye kochi au godoro laini, tena katika nyumba yenye moshi, kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Hili la mwisho wazazi hawakuwa wamelifikiria kabisa. Lilimaliza mjadala wa kama wakalale pale walau usiku mmoja.

Wakaamua mambo manne. Mume atapiga simu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye damu na yeye ndiye aliyeharibu. Ataanza kwa kufuta neno alilomsingizia mke wake. Atasema hapana kwa kulala na atatoa sababu ya kweli, kifua cha mtoto, ikiwamo zahanati iliyofichwa. Mwisho atataja siku mbili mahususi watakazokuja na kushinda.

Runinga na maneno ya wifi waliamua kuyaacha. Runinga kwa sababu mtu hawezi kuambiwa azime maisha yake sebuleni kwake. Maneno ya wifi kwa sababu yakitajwa siku hiyo yangeonekana ndiyo sababu yenyewe, na kifua cha mtoto kingeonekana kisingizio cha tatu. Mke alikubali kwa shida. Alisema, na nadhani alikuwa sahihi, kwamba kuyaacha leo si kuyasamehe.

Kuhusu mahali pa kulala, walichagua nyumba ya wageni iliyo karibu na kwa dada. Tulilijadili hili kwa muda mrefu kuliko yote. Kwa wenyeji wengi, ndugu kulala gesti jirani na nyumba yake ni aibu kubwa kuliko ndugu kutokuja, maana majirani wanaona. Mume alitaka wasiende kabisa mwaka huo. Mke ndiye aliyesema twendeni: "Tusipokwenda, ataamini kilichosemwa kuhusu mimi."

Simu

Mume aliandika maneno yake, akayapunguza, kisha akapiga jioni dada akiwa peke yake. Aliniruhusu kuyaweka hapa:

"Dada, nina mambo mawili, naomba unisikilize mpaka mwisho. La kwanza, nilimwambia mama kwamba mke wangu ndiye hataki kuja. Si kweli. Nilibanwa nikamtwika yeye. La pili, mwaka jana mtoto hakuwa na mafua. Kifua kilimbana usiku nikamkimbiza zahanati, na daktari akasema ni moshi. Nilikuficha kwa sababu nilikuonea aibu. Kwa hiyo hatutalala kwako mwaka huu, dada. Tutakuja siku mbili tushinde, jioni tutaondoka. Na nauli usitume."

Dada alinyamaza, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo mwanangu aliumwa chini ya dari langu, na mimi asubuhi nikamwambia anadeka?"

Hakusubiri jibu. Akakata simu.

Kilichofuata

Alikaa kimya zaidi ya wiki. Mama alijaribu kuingilia, na mume akamwomba aache, kwa adabu lakini bila kuyumba. Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa dada. Mume wake sasa anavutia nje, sebule imefuliwa mapazia, chumba cha pili kimepakwa rangi. "Njooni mlale."

Hapa ndipo ushauri wa sababu moja unapodai gharama yake. Ukimpa mwenyeji sababu moja ya kweli, na akaishughulikia, anastahili jibu jipya. Familia ilikuwa mbele ya mtu aliyefanya kazi halisi: kazi ya mikono, na kazi ngumu zaidi ya kumwambia mumewe atoke nje ya nyumba yake mwenyewe. Lakini rangi juu ya ukuta unaopitisha maji huficha fangasi bila kuwaua, makochi bado yalikuwa na moshi wa miaka, na mahali pa mtoto mchanga palikuwa vilevile.

Mume alitaka kukubali. Aliona kukataa mara ya pili ni ukatili. Walizungumza nyumbani, na wakajibu wote wawili, kwa simu, mke akianza: "Wifi, nimesikia ulivyohangaika kwa ajili ya mtoto, na nimelia. Mwaka huu bado tutalala nje, daktari ametukataza mpaka nyumba ikae muda bila moshi na ukuta ukauke. Lakini tunakuja asubuhi mapema."

Daktari alikuwa amesema hivyo kweli. Walikuwa wamemwuliza siku moja kabla. Nasisitiza hili kwa sababu familia nyingi humtaja daktari ambaye hakuulizwa, na uongo huo huvuja.

Walikwenda siku zote mbili. Siku ya kwanza ilikuwa nzito. Jioni walipoaga, dada hakuwasindikiza hata hadi mlangoni. Siku ya pili alimbeba mchanga karibu muda wote, na shemeji alikwenda kuvuta mbali kidogo na nyumba bila kuambiwa. Mtoto mkubwa hakukohoa. Miezi michache baadaye dada alikwenda yeye kwa mdogo wake, akakaa siku kadhaa, na kwa mara ya kwanza alimwona mtoto akitumia dawa yake ya kuvuta usiku. Alimwuliza wifi yake inavyotumika, akafundishwa.

Kilichofanya kazi

Kumsafisha mke kabla ya kitu kingine chochote. Kama simu ingeanza na pumu, dada angesikiliza yote akiwa na picha ya wifi anayevuta kamba nyuma ya pazia. Kanuni yangu katika kesi za namna hii ni kwamba anayekataa ni yule mwenye undugu, kwa sauti yake, na kwa niaba ya nyumba nzima. Mkwe akitajwa kama sababu huwa hana pa kujitetea, na doa hilo hukaa miaka.

Kutenganisha kulala na kuja. Mwaliko wa likizo hubeba vitu vingi kwa pamoja: kuonana, kula pamoja, watoto kucheza, kulala. Dada alichokuwa akikitamani zaidi ni kumpakata mtoto. Godoro lilikuwa njia tu ya kufika hapo. Familia ilipokubali kila kitu isipokuwa kulala, ilimpa sehemu kubwa ya alichoomba.

Siku zilizotajwa. "Tutakuja siku moja" ingekuwa "tutaangalia" nyingine.

Hofu ya kukataa nayo inahitaji kupimwa. Watafiti Julian Givi na Colleen Kirk walichapisha mwaka 2023 majaribio yaliyoonyesha kuwa anayekataa mwaliko hudhani mwalikaji ataumia kuliko anavyoumia kweli. Nakubaliana nao kwa mialiko ya kawaida. Mwaliko wa dada aliyekusomesha ni mzito kuliko huo, na katika kisa hiki aliumia kweli. Hata hivyo ukisikiliza alichouliza kwenye simu, kilichomuuma ni ile asubuhi ya "mafua tu", kuachwa aseme maneno ambayo asingeyasema kama angejua. Hapana yenyewe hakuigusa.

Kilichoshindwa

"Mafua tu" ndiyo mizizi. Yangesemwa asubuhi ile, dada angekuwa na mwaka mzima wa kukausha ukuta na kuzungumza na mumewe. Badala yake alipewa wiki tatu, na godoro alilonunua halikulaliwa. Wageni huona kunyamaza kuwa adabu. Kwa mwenyeji asiyejua nyumba yake inamdhuru mtoto, kunyamaza kunamnyima nafasi ya kuwa shangazi mwema.

Visingizio vya nauli na ruhusa vilishindwa kwa namna nyingine. Ni visingizio vya kitu kinachoweza kutolewa na mtu mwingine. Mtu mkarimu atakitoa, na hapo unabaki na deni la shukrani kwa msaada ambao hukuutaka.

Mama kuwa mjumbe kulishindwa pia, ingawa simlaumu. Habari iliyoanza kama kigugumizi cha mwana aliyebanwa ilifika kwa dada ikiwa tamko la wifi. Hiyo ndiyo kawaida ya ujumbe unaopita kwa anayewapenda wote wawili: hupunguza kosa la mwanawe na kulisogeza kwa aliye nje.

Kuna swali ambalo wenzangu huniuliza: je, kama kusingekuwa na pumu wala mchanga? Kama ingekuwa ni usingizi na runinga peke yake, mtu ana haki ya kukataa? Ana haki. Usingizi mbaya ugenini haumaanishi mtu anadeka. Mwaka 2016 Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hubaki macho zaidi ya mwingine, kama unaolinda. Ongeza runinga na godoro la sakafuni, na likizo inakuwa kazi. Tofauti ni kiasi cha ukweli cha kusema. Kwa jambo linalodhuru, mwenyeji anahitaji kulijua, kwa sababu linamdhuru na yeye na linaweza kubadilishwa. Kwa jambo linalokuchosha wewe tu, inatosha kusema "nalala vizuri zaidi kwa utulivu, kwa hiyo nitashinda kwako na kulala kwingine", bila hesabu ya kasoro za nyumba ya mtu. Kumweleza mwenye kipato kidogo kwamba sebule yake ina kelele hakumpi chochote cha kufanya isipokuwa kuona aibu.

Ambayo bado

Uhusiano wa mawifi haujarudi ulipokuwa. Dada hajataja tena ujumbe wake mkali, na hajaomba radhi kwa maneno ya malezi. Mke ameamua kuyasema mwenyewe watakapokutana tena, wakiwa wawili, watoto wakiwa nje, na mume amekubali kukaa pembeni.

Ukuta umekarabatiwa upande mmoja. Shemeji anavutia nje siku nyingi, siku za mvua anarudi dirishani. Dada ameshauliza kuhusu likizo ijayo, na safari hii alianza yeye: "Mtalala wapi?" Mdogo wake akamjibu papo hapo kwamba watalala nje hadi mchanga apite mwaka mmoja na ukuta ukamilike, kisha watajaribu usiku mmoja wakiwa na dawa mkononi na gari la kuwaondoa likiwa tayari.

Dada alisema sawa. Kisha akauliza kama godoro lile jipya awatumie wao, maana kwake linakaa bure. Wamelichukua, na mtoto mkubwa ndilo analolalia sasa.